Mpangaji wa Marehemu Baba Yako

Ghorofa ya pili, juu ya fundi saa
Jumapili asubuhi

Mpendwa mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako mkubwa. U hali gani huko uliko? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kusema si kitu? Sisi tunajikongoja. Goti langu linanikumbusha kila ngazi, lakini usingizi unapatikana na chakula kinashuka.

Umeuliza, hata kabla ya kutusalimu, kama Mpangaji yu hai. Sikukasirika. Katika vyote alivyoacha baba yako, samaki huyu ndiye pekee anayepumua. Yu hai, ila nusura tumpoteze, na ni haki yako kujua ilivyokuwa.

Tulipomleta hapa baada ya mazishi, nilifuata yote uliyoniagiza. Maji ya bomba nayaacha kwenye ndoo mpaka kesho yake, ile dawa ya kuua vijidudu ipungue. Nabadilisha sehemu tu, kwa sababu samaki akiingizwa kwenye maji mageni kabisa hushtuka. Kipasha maji kinafanya kazi. Juu nimeacha nafasi, maana samaki wa aina hii hupanda kuvuta hewa kama sisi. Anaishi peke yake. Ukimwekea dume mwenzake watararuana. Hata kile kioo kidogo cha baba yako namwonyesha, atanue mapezi kwa mazoezi, kisha nakiondoa upesi asije akachoka kwa kupigana na asiyekuwepo.

Pamoja na hayo yote, akagoma kula. Nikiinama na punje zake, anajificha nyuma ya jani. Ile rangi yake ya buluu ikaanza kufifia. Mama yako mkubwa akasema nimemchosha kwa mihadhara, na kwamba hata wanafunzi wangu walikuwa wakijificha.

Basi miwani yangu ikavunjika. Nikachukua ya baba yako kwenye droo, ile ya fremu nene nyeusi, nisome maandishi madogo kwenye kopo la chakula. Nilipoinama, Mpangaji akatoka, akaja moja kwa moja mbele ya uso wangu, akapanda juu, akala. Nikavua miwani, akarudi kujificha. Nikavaa, akaja.

Maelezo yapo, mwanangu. Samaki humzoea anayemlisha, na kwake yeye mlishaji ni fremu nyeusi juu ya maji. Nimejieleza hivyo mara nyingi. Lakini jioni, taa ikiwaka, kioo cha tangi hurudisha sura ya anayechungulia, na anayenitazama mle ndani si mimi. Ni mdogo wangu, ameinamisha shingo vile vile, midomo imeachana kidogo kama alipokuwa akimsemesha Mpangaji. Huwa nabaki naye hata baada ya chakula kwisha.

Mama yako mkubwa aliingia akanikuta hivyo, sahani ikamtoka mkononi. Hakupiga kelele. Alisema polepole, "Shemeji?" Halafu akasema, "Geuka basi, mume wangu, nijue ni wewe."

Sikugeuka upesi. Hilo ndilo linalonisumbua. Tangu hapo anakohoa kwanza kabla ya kuingia sebuleni kwake mwenyewe.

Miwani yangu imeshatengenezwa, iko mfukoni. Ya baba yako bado naivaa asubuhi na jioni, kwa sababu Mpangaji anakula na ubuluu umerudi.

Sasa umeandika kwamba likizo hii utatokea tu bila kutuarifu, utufurahishe. Nakuomba usifanye hivyo. Piga simu ukiwa kituoni. Ukifika mlangoni, bisha hodi kwa nguvu, kisha subiri nikuitikie na kukufungulia. Sitaki uingie ghafla ukamkuta baba yako ameinama pale kwenye tangi, halafu ageuke awe mimi.

Mama yako mkubwa anakusalimu sana, na fundi saa wa chini anauliza kama bado unachelewa kila mahali. Mpangaji hasalimu mtu, unamjua.

Mungu akufunike kwa mkono wake, akulete salama.

Ni mimi nikupendaye na kukungoja,
Baba yako mkubwa