Kazi ya Kisanduku cha Boila

Jumatatu, 3 Septemba 1984
Kisanduku cha boila ya kiwanda kimekufa. Kilikuwa na kazi moja tu: kuangalia maji ya boila, na yakipungua kikate moto na kupiga kengele. Spea hakuna – fedha za kigeni hakuna! Nimemwambia meneja, Bwana Aristides, kwamba kompyuta tuliyopewa na wafadhili inaweza kuifanya kazi hiyo. Hakuna cha kununua. Naandika programu tu. Alinishika mikono yote miwili.

Jumatano, 12 Septemba
Imekubali! Tumepunguza maji makusudi: moto ukazimika, kengele ikalia. Mzee Filemon, fundi wa boila, hakupiga makofi. Aliuliza, "Si ndiyo hiyo hiyo inayopima nyanya za Kahe na kuchapa ripoti? Yote hayo kichwa kimoja?" Nikamwambia, "Mzee, hii haichoki kama sisi." Watu wakacheka. Na yeye akacheka, kidogo.

Jumanne, 18 Septemba
Jambo baya. Printa ikiwa inachapa, programu yangu ya maji inasubiri zamu. Nimepima kwa saa: dakika nne nzima! Kisanduku hakikuwa kinamsubiri mtu. Meneja anataka programu ya mizani kwanza. Nitarekebisha baada ya hapo. Mzee Filemon sijamwambia. Baada ya kicheko kile, ningeanzia wapi?

Jumamosi, 29 Septemba
Mungu wangu.
Saa nne asubuhi nilianzisha ripoti ya mwezi, ndefu kuliko zote. Kidole changu mwenyewe. Printa ikaanza kukereza, nikaenda kunywa chai. Mlipuko. Bomba la boila. Mzee Filemon alikuwa ameona maji yamekwisha, anakimbilia kufunga mafuta kwa mkono. Mvuke ukampata – mkono wa kulia wote, shingo. Ngozi – hapana, siandiki.
Kengele ililia tukiwa tunampakia kwenye Land Rover.

Jumatatu, 1 Oktoba
Kikao. Bwana Aristides ameinua karatasi ya kompyuta: kengele saa nne na dakika kumi na mbili, bomba, kwa saa ya ukutani, saa nne na kumi na tano. Kengele ikilia fundi anatakiwa afunge mafuta papo hapo; dakika tatu, anasema, Filemon alikuwa amesinzia! Mle ndani na kelele zile, hakuna anayekumbuka kengele ililia lini.
Mimi nakumbuka. Na najua kwa nini karatasi inadanganya. Programu inaandika saa ambayo *ilipaswa* kupima, si saa ambayo ilipima kweli. Niliiandika hivyo ili safu zinyooke, zipendeze.
Meneja akanigeukia. "Digna, karatasi hii ni sahihi?"
Nikasema, "Imetoka kwenye kompyuta."
Hata sikusema ndiyo. Mwoga mpaka kwenye uongo.

Jumatano, 3 Oktoba
Sikwenda hospitali. Nimesema kichwa kinaniuma. Hakiumi.

Alhamisi, 4 Oktoba
Niko kwenye benchi nje ya wodi.
Nilimwamkia Mzee Filemon shikamoo. Mkewe, Mama Bernadetha, amenilazimisha ninywe mtori wa mgonjwa – ati nimekonda. Nimeunywa! Nimeunywa wote.
Nilikuja kusema. Nilishafungua mdomo. Mzee akanitangulia.
"Mwanangu, nimefikiri sana. Mimi nilijua sikusinzia. Lakini mashine haina ugomvi na mimi, itanisingizia kwa nini? Labda kweli nilipitiwa. Labda masikio yamezeeka."
Miaka kumi na tisa kwenye boila ile. Na sasa hajiamini kwa sababu ya safu zangu zilizonyooka.
Mtu wa ofisini amemwachia karatasi. Akikiri kwamba alisinzia, watamhamishia getini. Akikataa, kazi basi. Wanaifuata saa nane. Mkono wake wa kulia ni bandeji tupu.
"Wewe ni mtoto wa kwetu," akasema. "Niwekee jina langu hapo chini."
Nimemwambia ngoja, mzee, natafuta kalamu. Nikatoka nayo karatasi.
Saa nane kasoro dakika kumi. Mama Bernadetha amechungulia mlangoni, anauliza kama nimepata kalamu.
Ndiyo hii ninayoandikia.