Mkono wa Kushoto

Granville, Mei 2021

Mdogo wangu Balagizi,

Watoto ni wazima huku ugenini. Usishangae mwandiko, naandika kwa kushoto.

Juzi, habari za Gaza zikiwa kwenye simu zetu, wenzangu wa ghalani, Wael Mpalestina na Ilan Myahudi, walitoleana visu vya kukatia maboksi. Niliingia kati, kimoja kikanipasua kiganja cha kulia. Ilan alivua barakoa yake akaikandamiza kwenye damu, Wael akauinua mkono wangu juu. Waliendelea kutukanana, lakini hakuna aliyeuachia. Bosi nilimwambia nimejikata mwenyewe. Leo wote wawili wamekuja kazini.

Uliniandikia kwamba umenoa panga ili ulipize kisasi kwa majirani waliomuua baba. Huko nyumbani nani ataingia kati, Balagizi? Mikono yangu iko huku.

Dada yako,
Nsimire