Siku Tisa Nilizozifuta

Alhamisi. Vumbi la mtaa wetu wa Rhonda limeingia mpaka kwenye kibodi, na nina hasira, hasa na mimi mwenyewe.

Wacha niseme ukweli. Kliniki yetu ina kompyuta mbili za kutunza rekodi za wagonjwa wa sukari: kuu iko hapa Nakuru, nakala yake iko kwenye tawi letu la Kamere. Kila kinachoandikwa kwenye moja hunakiliwa kwenye nyingine. Stima iliporuka na kuharibu ya hapa, tulitumia ya Kamere siku tisa bila shida. Nikajipiga kifua, maana kompyuta ni kazi yangu.

Jana kompyuta ya hapa ilirudi kutoka kwa fundi, rekodi zake za zamani zikiwa salama. Kazi yangu ilikuwa kuvuta zile siku tisa kutoka Kamere zije hapa. Nikaelekeza kinyume. Rekodi za zamani zikafunika mpya kule Kamere.

Nilibonyeza kitufe, chapati ikiwa mdomoni.

Wenzangu wanalaumu stima. Ningenyamaza, ingepita hivyo. Lakini Sista Njeri, muuguzi wetu mkuu, anasema siku hizo kuna watu walipunguziwa insulini, na hawakumbuki wote. Kompyuta sasa inaonyesha kipimo cha zamani. Mtu akipewa hicho anaweza kuzirai asiamke.

Asubuhi nikamwambia Sista ni mimi.

"Basi kaa kwa simu," akasema.

Kinachotuokoa ni madaftari. Kila mgonjwa hununua lake dukani, daktari humwandikia humo kwa mkono, naye hurudi nalo nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyacheka, eti ushamba. Leo nimekuwa nikiwapigia simu wagonjwa wa sukari mmoja mmoja, nikimweleza kila mmoja kuwa rekodi zimefutwa na kumsihi alete daftari kabla hatujampa dawa nyingine. Sauti imekauka, na bado kuna majina ishirini na tatu. Nitayamaliza.

Jioni alifika mama mmoja kutoka Ndabibi, daftari lake limefungwa kwenye mfuko wa unga. Kompyuta ilisema uniti ishirini za insulini. Daftari lilisema kumi na mbili.

"Ni nani alifuta?" mama akauliza.

"Ni mimi, mama."

Nilingoja anigombeze. Akavuta kiti karibu nami, akaweka kidole juu ya ile kumi na mbili.

"Haya, andika. Nakuangalia."

Nikaandika. Kuanzia kesho sibonyezi tena kitu kama hicho bila mtu wa pili kukaa hapo alipokaa yeye.