Lodi Hakuwa wa Ukoo Wetu

Buyenzi, Bujumbura

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Dada aliniambia kwa simu kwamba sasa unakwenda msikitini bila mkongojo. Nilifurahi, ingawa nakujua, wewe hata ukiumwa husemi. Mimi ni mzima. Joto la hapa ni lile lile la Ujiji na ziwa ni letu sote, ila petroli ndiyo taabu. Magari yanalala kwenye foleni. Gari lisilotembea haligongwi, na lisilogongwa haliji kwangu kupigwa rangi. Hata hivyo gereji yetu haijafungwa, na mkono wangu unajulikana mtaa mzima, kwa hiyo usinionee huruma.

Sasa habari uliyoingoja. Jumapili tulikwenda kumposa Zuhura.

Ulikuwa umekataa kuvuka mpaka kuja kuwabembeleza wauza spea, kama unavyowaita watu wa kwao Zuhura, basi nikatafuta msemaji. Hapa posa ni maneno, Baba. Kila upande una msemaji wake, wanazungushana kwa mafumbo na vicheko mpaka jasho liwatoke, na bwana harusi kazi yake ni kutazama viatu vyake. Akitia neno, ameharibu. Nilimchukua jirani yangu Mwalimu Hamadi, anayefundisha historia sekondari, nikampa maneno yako kama ulivyoyaagiza: wakiuliza ukoo, waambie sisi ni watu wa Lodi, yule gavana Mwingereza.

Laiti ningejua kwamba mwalimu wa historia hapewi kamba ndefu! Hamadi alikwenda kusoma habari za Lodi zote, akatuanzia tangu utotoni, kwenye jumba la mawe lenye vyumba ambavyo wenyewe hawakujua idadi yake. Akamwingiza bungeni akiwa kijana mbichi, kwa kura za wapangaji wa mashamba ya baba yake, maana nani angethubutu kumnyima? Akampa wizara ya kilimo, mtu asiyewahi kushika jembe. Akamgombanisha na chama chake, akamvua wizara, akampandisha meli kuja kututawala. Kumbe kwao mkubwa akishindwa hatupwi, hutafutiwa nchi. Wenyeji wetu walicheka sana hapo, na Hamadi akadhani anashangiliwa. Akatia mbio: barabara, kodi ya kichwa, machifu waliovishwa majoho, halafu kisiwa fulani cha kutawala, halafu kurudi Uingereza kukaa kwenye baraza la mabwana na kuhutubia juu ya Waafrika hadi uzeeni.

"Na mkono wa kulia wa mtu huyo," akamalizia, "alikuwa babu wa kijana huyu!"

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Shabani, babu mdogo wa Zuhura, ndiye mwenye kauli ya mwisho katika nyumba ile. Aliweka soda yake chini.

"Bon, tumesikia," akasema. "Siye pia tulikuwa na Wabeleji wetu hapa. Lakini hatuwaweki mu ukoo."

Wanawake waliangua kicheko nyuma ya pazia. Mimi sikucheka.

"Uyo babu," mzee akaendelea, "kazi yake kwa Lodi ilikuwa nini?"

Hamadi alinitazama. Hilo hakulijua, maana nyumbani kwetu halisemwi. Akajaribu: "Mambo ya utawala, mzee wangu..."

"Apana. Mutu anakuja kuomba mutoto, anaficha babu yake nyuma ya Muzungu. Kesho atamuficha na mutoto wetu. Mi nitamupa namna gani?"

Akaanza kutafuta kofia yake. Niliona Zuhura ananiponyoka hivi hivi, Baba, nikasimama. Mimi, bwana harusi, mbele ya watu wote.

"Alibeba kiti," nikasema. "Kiti cha kukunja. Lodi akisafiri, babu alitangulia nacho kichwani, ili Lodi akichoka akae."

"Na Lodi alipomaliza kazi?"

"Alipanda meli."

"Na babu yako?"

"Alirudi Ujiji kwa miguu."

"Sasa nani aliwalisha?"

Ndipo nikamweleza habari za Bibi Mwamvua, mama yako. Nikamweleza alivyokamua mawese, akayabeba kwa madebe mpaka sokoni, akakusomesha wewe, nawe ukanisomesha mimi. Sikuona haya.

Mzee Shabani alicheka mpaka akakohoa. "We, kaa chini! Bwana harusi hasemi. Faini yako kreti mbili za soda, sasa hivi." Soda zilipoletwa akasema polepole, "Kumbe mulikuwa na mama wa namna iyo, mukatuletea Lodi? Mkataa kwao mtumwa, mutoto. Zuhura ni wenu. Lakini siku ya ndoa baba yako aje yeye mwenyewe. Musemaji apana."

Sikulaumu, Baba. Shangazi aliwahi kunisimulia walivyokucheka shuleni kwa sababu nguo zako zilinuka mawese. Mtoto anayechekwa hushika kikubwa kilicho karibu, nawe ulikishika kiti cha Lodi. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Lakini yule bwana alisema bungeni miaka na miaka, na sidhani kama jina la babu alilijua. Bibi alikujua wewe hadi namna unavyokohoa.

Ndoa ni baada ya Idi. Nitakungoja Manyovu, mpakani, na gari la rafiki. Petroli nitaitafuta hata kwa kuomba, goti lako lisipate tabu.

Msalimie Mama, mwambie Zuhura anapika ugali wa muhogo bila mabonge. Msalimie dada na mumewe fundi cherehani, na mjomba muuza dagaa aliyeniambia sitapata mke ugenini. Shangazi mbusu mkono kwa niaba yangu.

Siku hiyo msemaji wao atasimama mbele ya watu wa Buyenzi, atakugeukia na kukuuliza: wewe ni mtoto wa nani? Hilo, Baba, siwezi kukujibia.

Mwanao,
Idrisa