Masse ya Bateri

Likasi, siku ya tano, jioni

Imekufa. Nimezungusha ufunguo, hata taa moja haikuwaka. Gari yetu ya kulala ndani, yenye kitanda na frigo, ile ninayoenda nayo kununua samaki kwenye ziwa ya Tshangalele.

Na nilisema! Kazi iliponishika kule Kakontwe, nilipigia simu Tantine Hélène, dada ya baba, yeye njo anabaki nyumbani. Nikamwambia: "Tantine, gari itakaa sana. Utoe masse." Masse, ule waya mweusi wa bateri. Ukiutoa, frigo haiwezi tena kunyonya moto wa bateri.

Leo nimemuuliza kama aliutoa.

"Nilitoa, mutoto wangu. Père wa parokia alisoma jina ya gari mbele ya watu wote."

"Jina ya nini?"

"Ya gari! Si ulisema nitoe messe? Nikatoa misa ya safari njema."

Réseau ya simu kule Kakontwe ni mbaya, najua. Lakini mutu anatoa misa kwa ajili ya gari?

Kesho wavuvi wananingoja. Nisipofika watauzia wengine, na nyumba hii inaishi kwa ile samaki. Tena bateri ikikauka hivi, mara ingine haikubali tena kushika moto. Naogopa njo vile itakuwa.

Nimechukua spana, nikatoa masse mwenyewe, kwa hasira tu, maana haisaidii tena kitu.

Tantine alikuwa ananiangalia kwenye dirisha. Akauliza polepole, kwa huruma kabisa:

"Basi sasa tutoe misa ingine, ya marehemu?"