Kitenesi, Wachezaji Wako Wamehamia Sebuleni Kwetu

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuage, Kitenesi wetu, na mwaka mzima huu hakuna aliyekanyagwa mguu jikoni. Kila Jumapili ulipokuja kula ulishindwa kusubiri maji yachemke bila kuzunguka na kujirusha kama kile kimpira ulichopewa jina lake, na Mama akawa anapita na sufuria juu ya kichwa akikukwepa. Siku hizi anapita bila shida, na hapendi.

Ulicheza dansi tangu una miaka kumi na saba, ukawa mtunzi wa dansi anayealikwa hata ng'ambo. Baba, mwashi kwa miaka arobaini, alikuja kukutazama mara moja tu. Akakukuta umelala sakafuni kimya dakika nzima, akauliza ukumbi wote ukasikia: "Kwani kadondosha nini?" Ulicheka hapo hapo chini, tumbo likipanda na kushuka, watu wakapiga makofi wakidhani ndiyo sanaa yenyewe. Hukumkasirikia. Ulisema mtu hakatazwi kuuliza. Lakini hakurudi tena, na sisi tulijua inakuuma.

Ulikuwa na moyo mwema. Mwanafunzi akikosea ulimwambia, "Rudia hivyo hivyo, tutaiita hatua." Suruali nilizokushonea ulizimaliza magoti ndani ya wiki, kisha ukaniletea kwa adabu zote: "Dada, imejichana yenyewe."

Ulipougua, wachezaji wako walikuwa wamejifunza nusu tu ya dansi yako ya mwisho. Nusu nyingine ilibaki kwenye daftari. Miezi miwili iliyopita walituletea daftari hilo, wamechanganyikiwa. Hakuna hesabu ya hatua, hakuna michoro. Umeandika tu: "Mama anatafuta miwani. Dada anatunga uzi, mara nne. Mjomba anainuka kwenye kochi." Mwizi wewe! Na sisi tulidhani unakuja kula.

Tusingewaonyesha, dansi ingepotea. Basi wachezaji sita wakavua viatu mlangoni, wakakaa sebuleni kututazama. Mama aligoma kutafuta miwani mbele za wageni, kisha akaipoteza kweli, wakapata walichokitaka. Mjomba aliinuliwa kwenye kochi mara kumi na moja. Sasa anajiita msanii, na anataka picha yake iwe kwenye bango.

Ukurasa wa mwisho ulisema: "Baba ananisindikiza getini." Hapo tukakwama. Baba alikuwa amejifungia chumbani tangu wageni waingie.

"Mimi na dansi wapi na wapi?" alisema.

Mama akamsomea maneno yako mlangoni. Akaombwa arudie. Akarudia, na mlango ukafunguliwa.

Baba alivaa kofia, akaenda mpaka getini, sisi nyuma yake. Akatoka nje hatua tatu. Akainua mkono, akaushusha nusu, akabaki hivyo hivyo akiitazama barabara. Tulidhani amesahau kinachofuata. Kumbe ndiyo yote. Kila Jumapili, sisi tukiosha vyombo, yeye alisimama pale mpaka umeifikia kona, na hakuna aliyejua.

Kisha akamgeukia binti aliye mkubwa kati ya wachezaji, akauliza polepole, "Macho yangu hayafiki kwenye kona. Alikuwa anageuka?"

Yule binti alikuwa na daftari mkononi. Alilifungua, akamwonyesha mstari wa mwisho kabisa, akausoma kwa sauti: "Nageuka. Bado yupo."

Baba alikaa chini pale pale getini, na tukakaa naye.

Dansi yako itachezwa yote Jumamosi hii, mwanzo mpaka mwisho. Baba ametutangulia kuuliza tunaondoka saa ngapi.

Unakumbukwa na Baba na Mama, na Mjomba, na mimi dada yako fundi cherehani, pamoja na wachezaji wako sita, ambao sasa ni watoto wa nyumba hii.

Tutakukumbuka daima, Kitenesi, maadamu tunatembea.