Yanayosemwa Nyuma ya Nyumba Yako

Yaya mpendwa, dada yangu mkubwa,

Leo wanawake wapo nyuma ya nyumba yako hapa Likasi, wanatwanga sombe, majani ya muhogo ya kupika kwenye kilio chako. Mimi niko mbele na wanaume, kwenye viti vya plastiki, na sisikii hata neno moja la huko. Najua ungenicheka.

Unakumbuka nilipokuwa nasoma sosholojia? Nilitaka kuandika juu ya yanayoamuliwa nyuma ya nyumba wakati wa msiba: nani achukue watoto, mjane aende wapi. Sisi wanaume tunatangaza tu. Uamuzi wenyewe unaiva kule pamoja na bukari, ugali wetu. Kwenye msiba mmoja nikaenda huko nyuma, nikajifanya nafuata makaa ya moto. Wakanyamaza wote. Mama mmoja akanipa shoka, nikapasua kuni asubuhi nzima na kuondoka mikono mitupu.

Basi ukawa masikio yangu. Kakontwe, Kapolowe, kila penye kilio cha watu wetu ulikwenda ukakaa kwenye vyungu. Nilikuandalia maswali, ukayakataa.

"Ukiuliza, bamama batakuambia bile unapenda kusikia," ulisema. "Miye nitatwanga tu."

Siku moja ulirudi macho mekundu. "Ya leo usiandike. Muntu alilia." Sikuandika. Mwalimu wangu alinisifu kwa uvumilivu, na uvumilivu wenyewe ulikuwa wako.

Kinachoniuma ni kingine. Kila uliporudi umechoka, nguo zinanuka moshi, nilikudaka mlangoni: walisema nini? Hata viatu hujavua. Sikuwahi kukuuliza kama umekula. Najuta, yaya, na sina tena wa kumwomba radhi.

Sasa wanawake huko nyuma wanaamua juu ya Solange, binti yako: aje kwangu Lubumbashi, au aende Kapolowe kwa ndugu za baba yake. Nasikia kabla ya kufa uliwaachia neno lako. Namtaka huyo mtoto, yaya. Nataka kujua kama ulinitaja.

Mchana nilishindwa kuvumilia, nikachukua jagi tupu na kuzunguka nyumba kama mtu anayetafuta maji. Wakanyamaza. Shangazi akanionyesha shoka. Nikapasua.

Baadaye Solange mwenyewe akaniletea sahani. Alikuwa ametoka kule, mikono bado ya kijani kwa sombe, macho yamevimba. Alikuwa amesikia kila kitu. Swali lilinifika mdomoni, lile lile la zamani.

Nikamuuliza kama amekula.

"Bado, mujomba."

Nikamsogezea kiti. Alikula taratibu, nami nikala naye kwenye sahani ile ile. Walichoamua nitakisikia watakapotangaza, kama wanaume wengine.

Pumzika, yaya. Kuni nimepasua, zitatosha.

Mdogo wako